Wanyika Wangerudi

Tarehe 4 Julai 2025 Liam na Noel Gallagher walipanda jukwaa moja mjini Cardiff, karibu miaka 16 tangu ugomvi wao uivunje bendi yao, Oasis, jijini Paris. Nilitazama vipande vya onyesho lile kwenye simu. Watu wazima, wenye vitambi na vipara, walikuwa wakilia hadharani. Sikuwacheka, niliwaonea wivu. Mimi na roki hatujuani sana, lakini ndugu kugombana na bendi kuvunjika ni habari ninayoijua, kwa sababu nilikulia Tanga na bendi yangu ni Wanyika.

Wilson na ndugu yake George Kinyonga walitoka kwetu. Walipita bendi ya Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, na mwaka 1971 wakavuka hadi Nairobi wakaanzisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 bendi ikakatika. Omar Shabani, mpiga rithim aliyeitwa Profesa, akaondoka. Tom Malanga wa besi naye akaondoka, na wenzao kadhaa, wakaunda Les Wanyika. Haikupita miaka mingi Issa Juma akajitenga na hao nao, akaanzisha Super Wanyika.

Barazani kwetu tuliipokea habari ile kama watoto wanaosikia wazazi wameachana. Kulikuwa na wa Simba na kulikuwa na wa Les, na kahawa ilipoa watu wakibishana nani kamkosea nani. Ukweli tulikuwa hatuujui. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishakufa, mpaka ulifungwa tangu 1977, na habari za Nairobi zilikuja kwa redio au kwa watu wa magendo wa Horohoro, waliovusha sabuni na santuri kwenye furushi moja.

Santuri zenyewe zilikuwa na adabu yake. Wimbo mmoja ulikatwa pande mbili. Upande wa kwanza mwimbaji anasema yake, mapenzi na lawama, na magitaa yakianza tu kuchachamaa, sauti inafifia. Unanyanyua sindano, unageuza sahani, unaifuta vumbi kwa pindo la shati, unashusha tena. Inakwaruza kidogo. Kisha rithim inaingia peke yake, nota fupi kavu, zilezile, hazina haraka na hazichoki. Besi inaruka, inaacha pengo, inaruka tena. Solo ikija juu yake unakuta umeshasimama. Wakubwa walikuwa na ruhusa ya kugusa gramafoni; sisi wengine tulikuwa na ruhusa ya kucheza.

Siku hizi nenda harusi yoyote, bendi ya hoteli itakupigia Sina Makosa ya Les Wanyika na ukumbi mzima utainuka, mpaka wale waliozaliwa baada ya 2000. Waimbaji wao ni wazuri, sisemi uongo. Ila kinanda kimebeba kazi ya watu watatu, ngoma zinatoka kwenye mashine, na mwenye gitaa la rithim, kama yupo, anapiga kama mtu anayesubiri kulipwa. Mapengo yale ya besi wameyajaza yote. Wanadhani ni makosa ya zamani.

Basi natamani warudi wenyewe, na haiwezekani. Katikati ya miaka ya 1990 ndugu wote wawili wa Kinyonga walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Profesa akafuata 1998, na mwaka 2000 akaondoka John Ngereza, aliyekuwa sauti ya Les Wanyika. Hapo hata promota mwenye magunia ya fedha hana wa kumpigia simu.

Na kuna jambo hunisumbua nikiendelea kutamani. Sina Makosa ilikuja baada ya kuvunjika. Dua zetu za barazani zingekubaliwa, wasigawanyike, wimbo huo tusingeupata, na Ngereza tusingemjua tulivyomjua. Tulitaka wakae pamoja kwa ajili ya masikio yetu. Hatukuwahi kujiuliza watu wazima kadhaa, wageni katika mji wa watu, wanagawana nini bendi ikimaliza kupiga usiku wa manane. Ukilifikiria hilo, kuondoka kwa Profesa hakuna haja ya kutafutiwa mkosaji.

Juzi nilipanda basi kutoka Dar kwenda Tanga. Flashi ya kondakta ilikuwa na zilipendwa tupu. Simba Wanyika ikapiga, ikafuata Les, ikafuata Issa Juma na Super yake, na kwenye kioo cha redio kila wimbo uliandikwa Simba Wanyika, Sina Makosa ikiwamo. Nikamwita kijana nikamweleza kwamba hizo ni bendi tofauti, ziliachana zamani, na Simba hawakuupiga wimbo huo.

“Mzee,” akasema, anahesabu chenji, “si wote Wanyika hao?”

Nilikuwa na jibu refu. Nikamwomba aongeze sauti.