Mwenye Kikombe Cheupe

Ofisi ya Bwana Afya imevunjwa. Ilikuwa vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, bati lililokula kutu na kibaraza kilichoelekea reli. Mwezi uliopita tingatinga lilikuja asubuhi, saa sita kiwanja kilikuwa cheupe, zijengwe fremu za maduka. Sina ugomvi na fremu. Mji unakua na watu wanataka pa kuuzia simu. Kilichonichoma ni mpwa wangu, kijana wa chuo kabisa, aliyeniuliza: “Mjomba, kwani huyo Bwana Afya alikuwa daktari wa nini?”

Hakuwa daktari. Hakumtibu mtu hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kutuzuia tusifike kwa daktari, na kwa kazi hiyo serikali ilimpa mshahara, nyumba ya kota, kaptula mbili za kaki, baiskeli ya Phoenix na mamlaka ya kuingia uani kwa mtu yeyote, awe kuli au mwenyekiti wa TANU.

Mji wetu uko kando ya reli ya Tanga, mahali pa mvua nyingi na mbu wasio na adabu. Jumatatu Bwana Afya alizunguka mitaroni na debe la oili chafu aliyoiomba kwa mafundi wa reli, akaimwaga kidogo kidogo kwenye kila dimbwi hadi maji yakatanda rangi na viluwiluwi vikakosa pa kuvutia pumzi. Oili ile ikichanganyika na tope la masika ilitoa harufu nzito, tamu kidogo, iliyokaa mtaani hadi jioni. Kila alfajiri alikuwa machinjioni. Nyama isiyo na muhuri wake wa zambarau haikupanda bucha, na sisi watoto tukitumwa nusu kilo tuligombea kipande chenye muhuri, tukiamini kina utamu wake.

Aliyemwogopa kuliko wote ni Mshihiri mwenye hoteli ya stesheni. Mzee huyo alipika chai ya maziwa ambayo abiria wa treni waliiota tangu Korogwe, lakini nyuma ya jiko alikuwa na mapipa mawili ya maji yasiyo na vifuniko. Siku moja Bwana Afya aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia, akatoa salamu ndefu ya kuulizana watoto na shamba, kisha akaingiza mkono mkobani na kutoa kikombe cheupe cha bati. Hapo hoteli nzima ilinyamaza kutafuna. Alichota, akakiinua kikombe juani, akakiinamisha ili mwenye hoteli naye aone.

“Mzee, wateja wako hawa ni wengi, ila sioni wakilipa.”

“Wallahi Bwana Afya, maji haya nimeyabadili jana!”

“Jana hawa walikuwa darasa la pili.”

Pipa lilipinduliwa barabarani, watoto tukashangilia. Wiki iliyofuata vifuniko vya mbao vilikuwa mahali pake, na Bwana Afya akakaa, akaagiza chai na mandazi mawili. Mshihiri alikataa pesa. Yeye akaiacha sarafu chini ya kisahani na kwenda zake. Nimewaona maafisa wengi tangu hapo, wenye magari na wenye viyoyozi. Wa kuacha sarafu chini ya kisahani sijamwona mwingine.

Kisha ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Nimetafuta mwaka nikauhakikisha, ni 1973. Kama nilikuwa darasa la tatu au la nne, haidhuru. Wanaoikumbuka hukumbuka redio, na ni kweli redio ilikuwepo, lakini kwetu ilikuwa mwembe wa ofisi ya chama. Mama na wenzake walikaa chini yake na vitabu, kiongozi wa kikundi akasoma, Radio Tanzania ikasema, wakajadili: malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu. Nchi nzima walioshiriki wanakadiriwa milioni mbili. Kikundi cha mama kilimaliza somo la kuhara kwa kuazimia kila nyumba ichimbe choo na kujenga kichanja cha vyombo. Mjomba wangu aligoma. “Serikali imekosa kazi,” alisema, “mpaka inahesabu vyoo vyangu?” Alichimba hatimaye, kwa hasira, na shimo la hasira lilikwenda chini kuliko yote mtaani. Lilitumika hadi miaka ya themanini.

Siku hizi watu wakiisimulia kampeni ile huiona kama muujiza wa siasa. Mimi naona fedha. Vitabu vilichapwa, viongozi wa vikundi walifundishwa, na kampeni ilipokwisha Bwana Afya alibaki, akipita kila wiki kuangalia kama choo kinatumika au kimegeuzwa banda la kuku. Huo mshahara wake wa mwezi ndio ulioilinda kampeni. Nyimbo peke yake zingeisha na vumbi la magari ya wakubwa.

Hata hivyo si kwamba wakati ule wakubwa walijua yote. Kuanzia mwaka 1972 serikali za mitaa zilikuwa zimevunjwa, na miji ikakaa bila mwenye taka. Kipindupindu cha 1977 na 1978 kilifanya kazi ambayo hakuna mjumbe wa mkutano aliyeifanya: mwaka huohuo wa 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Kwetu Bwana Afya hakulala nyumbani majuma kadhaa. Nakumbuka chokaa iliyomwagwa mlangoni kwa jirani, na Mshihiri akichemsha maji usiku kucha bila kuambiwa.

Bwana Afya alihamishwa, au alistaafu, 1984 au 1985. Baiskeli ilikabidhiwa ofisini, ikakaa imeegeshwa bila matairi. Hakuletwa mwingine kwa muda mrefu.

Yaliyofuata mnayajua. Mwaka 1993 ikaja kuchangia gharama, tukajifunza kwenda hospitali na pochi. Naelewa sababu, hazina ilikuwa tupu. Lakini tangu siku hiyo afya ikawa ni kile kinachoweza kulipiwa dirishani. Mgonjwa hukatiwa risiti. Mtu ambaye hakuugua kipindupindu utamkatia risiti ya nini? Bima ya mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilikuwa jambo jema, na sheria ya bima kwa wote ya 2023 ni njema pia. Zote huanza kufanya kazi ukishaanguka. Mwaka 2001 wakuu wa Afrika waliahidi kule Abuja asilimia 15 ya bajeti iende afya, na ubishi umekuwa ni kama tumefika au la. Ndani ya asilimia hizo mitaro ni kiasi gani, haulizi mtu.

Tuna afisa afya sasa, binti mwenye shahada, mwerevu kuliko ofisi aliyopewa. Pikipiki anayo, mafuta hana, kwa kuwa fedha za uendeshaji, OC, hazijaingia. Ukimsifia majengo ya zahanati atakwambia habari za Bukoba, Machi 2023, ugonjwa wa Marburg: watu 9 waliugua, 6 wakafa, na Juni ikatangazwa umekwisha, kwa sababu kulikuwa na watu wa kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani alimgusa nani. Watu hao hawazuki siku ya mlipuko. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, vijana wa miradi waliokuwa wakimsaidia walirudi nyumbani juma lilelile.

Kwenye kikao cha bajeti aliomba fungu la mitaro na klorini ya visima. Diwani mmoja, si mtu mbaya, akauliza mtaro utazinduliwaje. Fungu likasogezwa hadi apatikane mfadhili. Basi wenye hoteli wa stendi wamefungua daftari, wanachangishana wenyewe klorini kila mwezi, na muuza supu ambaye hajatoa tangu Mei ndiye anayelalamika kwa sauti kubwa kwamba serikali haifanyi kazi.