Magoli tisa ya Ndaye, na kifo kilichotangazwa mapema

Jioni, jua likipungua, watoto wa Salamabila hucheza mpira pamoja na wale waliofika na familia zao kutoka vijiji vingine vya Kabambare. Ugomvi wao mkubwa ni wa hesabu: nani amefunga mengi. Kila mchezo una hesabu yake. Marekani, kwenye beisiboli, wanahesabu hata vituo ambavyo mkimbiaji ameviiba kwa mbio zake. Rickey Henderson aliiba 130 katika msimu mmoja, 1982, na mpaka leo anatajwa. Wakongo nao wana namba yao: tisa.

Ni magoli ya Ndaye Mulamba, mtoto wa Kananga, mshambuliaji wa Vita Club ya Kinshasa. Mwezi wa tatu 1974, kwenye Kombe la Afrika huko Misri, alifunga matano kabla ya fainali. Fainali na Zambia iliisha 2-2, na magoli yote mawili ya Zaire yalikuwa yake. Mechi ikarudiwa siku mbili baadaye. Zaire ikashinda 2-0, na yote mawili akafunga yeye tena. Hadi leo hakuna aliyefunga zaidi ya hayo katika Kombe moja la Afrika.

Lakini namba hiyo haikumlinda. Mwaka 1994 Shirikisho la Mpira la Afrika lilimwita Tunisia na kumpa heshima mbele ya watu. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia, wakidhani amekuja na pesa. Walimpiga risasi ya mguu, na mtoto wake aliuawa. Mwaka 1996 alikimbilia Afrika Kusini. Kule, shujaa wa Cairo akawa mkimbizi kama wengine, maskini, anapita njiani bila mtu kumjua.

Mwaka 1998, Kombe la Afrika likichezwa Burkina Faso, watu walisimama uwanjani dakika moja ya kimya kwa ajili yake. Habari zilikuwa zimeenea kwamba amefia kwenye mgodi wa almasi Angola. Kumbe Ndaye alikuwa hai, Afrika Kusini. Aliishi miaka mingine 21, hadi tarehe 26 Januari 2019, alipofariki Johannesburg akiwa na miaka 70.

Familia zilizokimbia zinaelewa jambo hili bila kuelezwa sana. Baba alishika njia ya porini upande huu, mama na watoto upande ule. Simu haiingii. Mpita njia anasema shimo la dhahabu limemfunika. Watu wanakaa matanga. Miezi inapita, halafu siku moja mtu anapiga hodi, amekonda, lakini ni yeye.

Magoli ya Ndaye yalihesabiwa vizuri. Mwenyewe alipotea kwenye hesabu. Basi kila anayefika mpya Salamabila aulizwe jina lake, kijiji alichotoka, na nani waliachana naye njiani. Majibu yafikishwe kwa chifu wa mtaa, kanisani, msikitini na kwenye redio. Huenda mahali fulani kuna mama anayemlia mtu ambaye jioni hii anakula muhogo nyumba ya pili.