Hesabu ya Mitungi Mitatu

Kabla mwezi uishe lazima niamue: nitoe notisi ya bedsita yangu hapa Roysambu, ama nilipe mwezi mwingine. Kule Marsabit kuna nyumba ya vyumba viwili inanisubiri, kodi shilingi 6,000. Hapa nalipa 15,000 kwa chumba ambacho nikinyoosha mkono kutoka kitandani nagusa sufuria. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano ya watu na kuyaandika. Mteja hajali niko wapi, mradi faili zifike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Nilienda kujionea mwezi wa Februari, nikakaa wiki nzima kwao rafiki yangu wa chuo. Ni kama kilomita 530 kutoka Nairobi, lami mwanzo mwisho. Kabla barabara ya kwenda Moyale kuwekwa lami, safari hiyo ilikuwa ya kupanda lori Isiolo na kuomba Mungu. Mama ya rafiki yangu alinipokea na chai ya maziwa na swali moja: "Kenya kuko aje?" Huko kaskazini watu husema hivyo wakimaanisha sisi wa chini. Wenyewe hucheka wakisema, lakini ukikaa kidogo unaona si utani wote.

Nilikuwa nimebeba nguo za joto kali. Asubuhi ya kwanza niliamka nikakuta ukungu mzito hadi sikuona geti, nikaazima koti. Mji uko juu ya mlima wenye msitu, na jangwa la Chalbi liko huko chini. Msitu huo ndio ulikuwa nyumbani kwa Ahmed, ndovu aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi akafa 1974. Sanamu yake iko kwenye makumbusho ya Nairobi. Yaani hata yeye aliishia kuhamia huku.

Intaneti ilinishangaza, ilikuwa sawa kuliko ya ploti yetu. Stima ilipotea mara mbili, nikavumilia. Inauma tu ukikumbuka kwamba kaunti hiyohiyo ina mitambo 365 ya upepo kule karibu na Loiyangalani, na umeme wake unapita kwenye waya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa, huku mji wa Marsabit wenyewe ukiendeshwa miaka mingi kwa jenereta za dizeli.

Kilichoninyima usingizi ni maji. Mji hutegemea sana mabwawa ya Bakuli, ndani ya msitu, na mvua ikikosa nayo hukauka. Wiki niliyokuwa huko, mfereji wa kwao haukutoa hata tone. Mtungi wa lita 20 ulikuwa shilingi 50. Nilijaribu kuishi na mitungi mitatu kwa siku: kuoga, kupika, kufua kidogo, choo. Hiyo ni 150 kwa siku, 4,500 kwa mwezi. Nusu ya kile nilichodhani nitaokoa kwenye kodi inaisha hapo, na bado sijanunua nauli.

Lakini hata hiyo naweza kulipa. Hapo ndipo pananisumbua. Jirani yao, mama wa watoto wanne, alikuwa anatumia mitungi miwili. Lori la maji likifika na mtu wa Nairobi akasema "niwekee zote", muuzaji atamwuzia nani kesho, na kwa bei gani? Rafiki yangu hakunibembeleza. "Kuja tu," aliniambia, "lakini ukuje na tangi."

Mama naye ana hesabu yake. Anaishi Thika na ana presha. Alikumbuka kafyu iliyowekwa Marsabit Mei 2022 baada ya watu kuuawa, nikamwambia mji umetulia, watu wanafanya biashara hadi usiku. Hakubishana. Aliuliza tu, "Nikianguka usiku, utafika saa ngapi?" Kutoka Roysambu ni nusu saa, matatu ikiwa na haraka. Kutoka kule, ni kesho yake. Sikuwa na jibu lingine, na sina hadi leo. Dadangu amesema atahamia kwa Mama wikendi. Nimeona afadhali nimwamini.

Jana nilimpigia mwenye nyumba kuuliza kuhusu paa. Mabati ni mazima, akasema, ila gata hakuna. Nikamwambia nitaweka gata na tangi la lita 5,000 kabla mvua za Machi zianze kunyesha vizuri, mradi akate gharama kwenye kodi, na mfereji wa tangi uwe upande wa nje, ambapo yule mama wa mitungi miwili anaweza kufika. La gata alikubali haraka. La mfereji wa nje amesema atafikiria. Leo ni tarehe 24.