Yai Hupimwa Kabla ya Mashine

Mwaka 2013, hapa Kimbo, kama hukuwa na kware basi shemeji yako alikuwa nao. Watu walisema mayai ya kware yanatibu kisukari, pumu, presha na hata ugumba, na kila mwenye nafasi nyuma ya nyumba akapigilia kizimba cha waya. Leseni ilitoka KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, kwa kuwa sheria ilimhesabu kware kuwa mnyamapori. Yai moja lilifika kuuzwa hadi shilingi 100. Mwaka 2014 soko lilifurika, bei ikaporomoka hadi chini ya shilingi 10, na vizimba vingi vikahamishiwa sungura.

Mimi nilikuwa nikiangulia watu mayai kwa malipo, kwenye kibanda cha mabati, na niliendelea. Niliwapenda ndege hawa, na wafugaji wachache waliobaki bado walitaka vifaranga. Kazi yenyewe ndiyo iliyobadilika. Bei ilipokuwa juu, mayai yalihesabiwa tu na kuingizwa mashineni. Ilipoanguka, kila yai lisiloanguliwa likawa hasara ya umeme na ya chakula, kwa hiyo tangu hapo riziki yangu imetegemea kuchagua.

Kware tunayemfuga ni wa Kijapani. Amefugwa vizazi vingi sana hata hamu ya kuatamia imemtoka: hutaga na kwenda zake. Jike mzima ana gramu 150 hivi au zaidi kidogo, na yai lake gramu 10 hadi 12, yaani karibu asilimia 8 ya mwili wake. La kuku halifiki nusu ya kiwango hicho. Kila nikiokota yai asubuhi namwonea heshima ndege aliyelibeba, na ndiyo maana sikubali jike anayetaga alishwe pumba tupu.

Napima kwa mizani ndogo kama ile ya masonara. Yai lililo chini ya gramu 9 naliweka kando la kuliwa, na lililopita 13 pia. Hilo la pili ndilo huzua ubishi. Shosho mmoja aliniletea mayai ya kupendeza kutoka Gatong'ora, nami nikamtengea makubwa zaidi.

"Kwani unakataa yaliyo mazuri?"

"Shosho, hayo wakaangie wajukuu. Haya ya wastani ndiyo yatakupa ndege."

Yai dogo mno lina akiba haba, na kifaranga hutoka mnyonge. Kubwa mno mara nyingine lina viini viwili, na hata likiwa na kimoja, eneo la ganda lake ni dogo ukilinganisha na kilichomo ndani, hivyo hewa na unyevu hupita kwa shida. Kwenye mashine yangu, ya wastani ndiyo huanguliwa vizuri zaidi, msimu baada ya msimu.

Kifaranga huwa na kama theluthi mbili za uzito wa yai lake. Yai la gramu 12 hutoa wa gramu 8, la gramu 9 hutoa wa gramu 6. Gramu mbili ni kitu kikubwa kwa kiumbe anayelingana na kichwa cha kidole gumba: yule mdogo hupoa upesi, hukanyagwa na wenzake, na huzama kwenye chombo cha maji usipokijaza changarawe. Huwa nawatenga kwa ukubwa wa mayai waliyotoka. Wiki ya kwanza unawatofautisha kwa macho. Wiki ya tatu, vifua vya madume vikianza kuwa vyekundu-kahawia na vya majike vikibaki na madoa, nahitaji mizani. Majike wakianza kutaga, kwenye wiki ya sita au ya saba, hata mizani haina la kusema, mradi walipata joto na chakula chenye protini ya kutosha. Yai humpa kifaranga mwanzo, mfugaji ndiye anayempa mwili.

Ganda lina hukumu yake. Kabla ya kuanguliwa, yai linapaswa kupoteza kama asilimia 12 ya uzito kwa njia ya maji. Ganda jembamba hupoteza zaidi, kifaranga akagandamana na utando. Ganda nene lenye vitundu vichache hubakiza maji, naye akakosa nafasi ya hewa ya kuvutia pumzi ya kwanza. Majike wakizeeka mayai hukua na maganda hupungua unene, hivyo wazazi nawabadilisha mapema.

Mayai ya kuku unaweza kuyamulika kwa tochi siku ya saba, ukatoa yaliyokufa. Ya kware madoa huzuia mwanga, huoni kitu cha kuaminika. Kwa hiyo uamuzi wote hufanyika kabla. Mayai yaliyoletwa kwa boda kutoka Juja nayapumzisha kwanza, ncha ikitazama chini. Yaliyopita siku 7 sichukui, kwa sababu mchana wa Februari chini ya mabati kiinitete huanza kukua nusunusu kisha hufa usiku ukipoa. Baada ya hapo ni nyuzi 37.5, kuyageuza hadi siku ya 14, kisha kuongeza unyevu. Siku ya 17 au 18 maganda hukatwa mviringo kutoka ndani.

Madoa hayohayo yanayonizuia kuona ndani yamenisaidia kwingine. Kila jike ana mchoro wake, na hauachi: mmoja hutaga yenye mabaka makubwa meusi, mwingine yenye vumbi la kahawia. Nikiangalia trei ya asubuhi najua nani ametaga. Anayeanza kutoa mayai meupe yasiyo na madoa kwa kawaida ameugua, ameshtuka, au yai limetoka kabla ganda halijakamilika. Huyo namhamishia kizimba cha mayai ya kula, na mayai ya dada zake yanaendelea kuingia mashineni.