Muhtasari wa Mkutano Uliopita

Marehemu baba yangu alikuwa na kiti chake cha mkutano. Kilikuwa kiti cha plastiki cha bluu, cha kawaida kabisa, ila mgongoni alikiandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Siku ya mkutano wa mtaa alikifunga nyuma ya baiskeli na kwenda nacho hadi chini ya mwembe, jirani na ofisi ya mtaa. Ofisi yetu ina mabenchi mawili tu. Baba alisema mtu anayekwenda kuzungumzia mambo ya mtaa hapaswi kusimama kama anayesubiri basi.

Katika daftari la mahudhurio alisaini nafasi ya nne. Wa kwanza mwenyekiti, wa pili mtendaji, wa tatu mjumbe wa kamati aliyeishi mlango wa pili kutoka ofisini, wa nne yeye. Kisha alikaa mbele akasubiri kuuliza swali lake, ambalo kila mtu alilijua: "Muhtasari wa mkutano uliopita uko wapi? Usomwe kwanza." Vijana walimpa jina la Mzee Muhtasari. Hakukasirika.

Tunaishi Ngamiani, sehemu ya Tanga ambako barabara zimenyooka na zina namba badala ya majina. Ukiulizwa unakaa wapi, unajibu Barabara ya Nane au ya Kumi na Mbili, na mwenzako anajua akufuate wapi. Namba ya kwetu sitaitaja. Kosa nitakalolieleza ni langu, sitaki libandikwe mtaa mzima.

Baba alishuka kutoka Lushoto akiwa kijana, akapata kazi reli. Watu wa hapa husema Tanga ni waja leo waondoka leo, naye alipenda kujibu kwamba alikuja leo, akaoa leo, na mpaka leo hajaondoka. Alikuwa na sababu ya kung'ang'ania karatasi. Mwaka 1972 serikali ilipoanzisha mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na za miji zikafuata. Jina la mpango lilisema madaraka yanashuka, lakini mtu wa mtaani alijikuta hana hata diwani wa kumlalamikia. Baba alikumbuka mitaro iliyoziba, taka zilizorundikana na hofu ya kipindupindu. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, zikatungwa sheria mpya mwaka 1982, na mwaka 1984 serikali za mitaa zikaingizwa kwenye Katiba. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwa nazo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Baba hakuwa mwanasheria, lakini namba hiyo aliijua kama namba ya nyumba yake.

"Walishatunyang'anya mara moja," alikuwa akiniambia, "na hakuna aliyelia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika tulikuwa na nini."

Alifariki Aprili 2024, katikati ya masika. Siku ya maziko, wabeba jeneza walipita kwenye maji yaliyofika magotini, pale kwenye kona yetu ambako maji ya barabara za juu hukutana na kukosa njia. Nilimzika baba viatu vyangu vikiwa vimejaa tope, nikaapa moyoni kwamba mtaro ule utajengwa.

Nina duka dogo la steshenari: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, kamati mpya iliniomba niwe nachapa mihtasari yao bure. Nilikubali mara moja. Niliona ni kama kurithi kile kiti.

Mkutano wa kwanza uliitwa Jumamosi asubuhi, Desemba. Kijana alizunguka na kipaza sauti tangu Alhamisi. Kwenye kundi letu la WhatsApp, lenye watu zaidi ya mia mbili, tangazo lilijibiwa kwa vidole gumba na "Pamoja sana, Mwenyekiti." Waliokuja chini ya mwembe walikuwa 23.

Ajenda kubwa ilikuwa mtaro. Wazo lilikuwa ujengwe wa zege upande wa kulia wa barabara, hadi uungane na mtaro mkubwa. Barabara za mitaani tangu 2017 zinasimamiwa na TARURA, kwa hiyo ombi letu lilikuwa na safari ndefu: litoke mtaani, lipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, lifike halmashauri ya jiji, kisha kwa wenye barabara. Tanga ina kata 27, na kila kata ina mitaro yake ya kuombea. Tulioketi pale tulikubaliana wote 23. Lakini hatukutimiza akidi. Mtendaji aliwaambia watu ukweli huo, na pia kwamba kikao cha kata kilikuwa kimekaribia. Baada ya hapo alinikabidhi daftari nikachape.

Hakuniambia nighushi. Hilo naliandika wazi, maana ningeweza kujificha nyuma yake.

Usiku ule dukani nilifungua daftari la zamani, la wakati wa uhai wa baba, nikaanza kunakili majina. Nilijiambia kwamba hakuna mtu wa mtaa huu asiyetaka mtaro. Ningewagongea milango wote wangekubali, basi kuna haja gani ya kugonga? Niliwaandika kwa mpangilio uleule wa zamani, nikabadilisha kalamu mara tatu, nikabuni saini, nyingine zimelala, nyingine zimesimama. Nilipofika nafasi ya nne mkono uliandika wenyewe. Niliona nilichoandika, nikatulia kidogo, nikaendelea. Nilifikisha majina 64.

Muhtasari ulipita kata bila swali.

Januari walikuja vijana wawili na futi kamba kupima barabara. Upande wa kulia, hatua chache kutoka kwetu, kuna baraza la mama mmoja muuza vitumbua. Sote tunamwita Shangazi, ingawa hana undugu wa damu na yeyote mtaani. Baraza lile ndilo jiko lake, duka lake na ada za wajukuu zake. Vijana waliweka alama ya chaki juu yake. Alipouliza, mmoja alimjibu kwa adabu kwamba mpango ulipitishwa na wananchi, na jina lake lilikuwamo.

Alikuja dukani na khanga yake ya jikoni, mikono bado ina unga wa mchele.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe nilipokubali."

Nilikuwa na nakala. Nilimwonyesha mstari wake. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Hii nini?"

"Saini."

"Mwanangu, mimi sijui kusaini. Tangu nizaliwe naweka dole gumba."

Hakupaza sauti. Aliongeza tu kwamba Jumamosi asubuhi ndiyo siku anayouza kuliko zote, ndiyo maana hakuja, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Aliondoka, akaacha alama nyeupe za vidole kwenye kaunta yangu. Sikuzifuta mpaka jioni.

Usiku mama aliniomba nimsomee ile karatasi. Habari zilikuwa zimemfikia. Kwetu habari hazihitaji kipaza sauti. Alisema anataka kusikia ni nani walihudhuria. Nilisoma: mwenyekiti, mtendaji, mjumbe. Kisha nikasoma wa tano.

"Umeruka," alisema. "Wa nne nani?"

Sikujibu. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, aliusimamisha.

"Umemtoa kaburini kwa ajili ya mtaro?"

"Mama, nilitaka tu..."

"Baba yako hakuwahi kusaini asichokisikia. Hata hati ya nyumba hii alisomewa mara mbili." Akaendelea kuchambua. "Na Shangazi, alisema nini kuhusu mtaro?"

"Hakuwepo."

"Basi umemsemea."

Nilimweleza kuhusu maji ya siku ya maziko. Nilimweleza kuhusu tarehe ya kata. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza ajenda ya kwanza ya kila mkutano ni nini. Nilimjibu: kufungua. Na ya pili? Nikanyamaza, maana sote wawili tuliijua. Ni kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita.

Nilikwenda kwa mwenyekiti na mtendaji kabla. Mwenyekiti alishika kichwa. Mtendaji, kijana mgeni hapa mjini, aliuliza kwa sauti ndogo kama haitoshi kurekebisha kimyakimya. Nadhani aliogopa kazi yake, na simlaumu. Niliwaambia nitasimama mwenyewe.

Februari walikuja watu wengi kidogo, si kwa ajili ya ajenda bali kwa ajili ya uvumi. Mama alikuja na kile kiti cha bluu, akakiweka mbele, akakaa. Shangazi alisimama nyuma na kibao chake cha mbuzi, kana kwamba amepita tu. Ilipofika ajenda ya pili nikasoma muhtasari wote, kisha mahudhurio yote, jina kwa jina, na kila jina nililobuni nikasema: hili niliandika mimi. Yalikuwa majina 41. Nilipotaja la nne watu wakamtazama mama. Yeye alinitazama mimi.

Nilidhani ningepigiwa kelele kwa kughushi. Kelele zilikuja, lakini nyingine zilitoka nilikokuwa sijatazama. Jirani yangu mmoja, ambaye nyumba yake huingia maji kabla ya yetu, alisimama akasema, "Sasa umefanya nini? Ungenyamaza tungekuwa na mtaro. Umetuliza roho yako, sisi utatulaza majini." Wengine wakaitikia. Mzee mmoja akasema mtaro wa uongo nao hupitisha maji. Watu wakacheka, lakini sikucheka, kwa sababu ni kweli: ungepitisha maji.

Shangazi ndiye aliyewanyamazisha. Alisema hajakataa mtaro, maji huingia kwake pia. Anachotaka ni kuulizwa kabla ya chaki, wala si baada yake. Ikaamuliwa barua iende kata kuomba muhtasari ule uondolewe. Ilikwenda. Ombi letu likatoka kwenye orodha, na bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai ikaendelea bila sisi.

Masika ikaja. Maji yaliingia kwetu usiku wa manane, yakafika kwenye ukingo wa kitanda cha mama. Nilikuwa nikichota kwa ndoo na kumwaga nje, huku nikijua kwamba nje ndiko yanakotoka. Yule jirani yangu alikuwa akichota mlangoni kwake, mita chache kutoka nilipokuwa. Hatukusemezana. Kulipopambazuka alikuja na ndoo yake akanisaidia kumalizia chumba cha mama, bado bila neno. Kimya kile kilinikaa kuliko maneno ya Februari. Ukweli wangu ulikuwa na gharama, na wengi waliolipa hawakuwa wameuagiza.

Baada ya hapo nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya Desemba. Niligonga milango. Nilichukua wiki tatu, jioni baada ya kufunga duka. Nilijifunza kwamba wanawake wengi wa mtaani hawawezi kuja Jumamosi asubuhi, kwamba waendesha bodaboda hawaji saa za kazi, na kwamba wapangaji wengi hudhani mkutano ni wa wenye nyumba. Kuna wazee walioniambia hawajaalikwa na mtu kwa mdomo tangu enzi za balozi wa nyumba kumi. Nyumba moja nilifukuzwa: "Wewe ndiye unayeandika watu?" Nilijibu ndiyo, nikarudi kesho yake.

Mkutano uliofuata uliwekwa Jumapili baada ya swala ya alasiri. Walikuja watu 97, niliwahesabu mara mbili. Shangazi ndiye aliyeleta pendekezo: mtaro ubaki upande wa kulia, lakini ufunikwe kwa mifuniko ya zege, naye atahamisha jiko lake kwa siku za ujenzi kisha arudi juu ya mifuniko. Jirani yangu aliunga mkono. Liliandikwa kama lilivyosemwa.

Ulipofika wakati wa daftari, mama alisaini nafasi ya kumi na moja. Shangazi aliweka dole gumba, nami nikashika kidau cha wino. Nafasi ya nne ilikuwa imeshachukuliwa na kijana wa bodaboda aliyewahi mapema.

Mtaro haujajengwa. Ombi liko kata, linasubiri zamu yake pamoja na ya wengine, na masika nyingine inakuja. Kiti cha bluu kiko ukumbini kwetu, maandishi ya mgongoni yameanza kufifia. Nilimuuliza mama kama niyapitie tena kwa wino. Alisema niache, kiti kinajulikana. Kisha akaniuliza kama nimeshachapa muhtasari, maana kabla ya mkutano ujao anataka nimsomee wote, na nisiruke jina.