Mlima Elgon na Bendera ya Uganda

Msafiri atokaye Mbale kuelekea kaskazini-mashariki hupanda barabara yenye kona nyingi, akipita mashamba ya kahawa na migomba, mpaka afike penye maporomoko ya Sipi. Mbele zaidi ndiko uliko mji wa Kapchorwa, katika nchi ya Wasebei, ambao wenyewe hujiita Sabiny. Baridi ya asubuhi huko huuma, na hewa ni nyepesi hata mgeni hutweta akipanda kilima kidogo. Alfajiri vijana huonekana wakikimbia kwa mafungu kandokando ya barabara. Mwenyeji hawageukii, mgeni ndiye asimamaye kutazama.

Pembe hii ya Uganda ndiyo iliyoifutia nchi nzima kiu ya miaka 40. Mwaka 1972, huko Munich, askari polisi John Akii-Bua, mwana wa Lango, alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akavunja rekodi ya dunia. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Michezo ya Olimpiki. Kisha vikaja vita, uhamisho na dhiki, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule akafikia utu uzima bila kuusikia tena wimbo wa taifa lake ukipigwa kwa mshindi wa Olimpiki.

Siku ya mwisho ya michezo ya London, tarehe 12 Agosti 2012, walioongoza marathoni walikuwa Wakenya wawili, Abel Kirui na Wilson Kipsang. Nyuma yao alikuwapo Stephen Kiprotich wa Kapchorwa, askari magereza, ambaye wachache walimtaraji. Karibu na kilomita ya 37 akawapita wote wawili kwa mkupuo mmoja, asigeuke tena. Alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, bendera ya nyeusi, njano na nyekundu mikononi, kisha akapiga magoti. Uganda haikupata medali nyingine katika michezo ile. Magereza walimpandisha cheo kuwa Mrakibu Msaidizi, na mwaka uliofuata akashinda ubingwa wa dunia huko Moscow. Mwaka 2023 kijana mwingine wa Elgon, Victor Kiplangat, alitwaa ubingwa huohuo mjini Budapest.

Sare za serikali si jambo dogo katika habari hii. Mkimbiaji wa marathoni hujiandaa miezi mingi kwa mbio moja, na akiumia mguu, miezi hiyo yote imepotea. Bila mshahara, mkulima wa mlimani angerudi shambani mapema. Joshua Cheptegei, bingwa wa mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, naye ni askari polisi.

Hata hivyo, wengi wao hupata mazoezi yao ng'ambo ya mpaka, upande wa Eldoret, ambako wakazi ni ndugu zao kwa asili na lugha. Kiprotich mwenyewe aliivia huko. Kituo cha mazoezi cha Teryet, juu ya Kapchorwa, kilichukua miaka mingi kujengwa, na wakati huo wanariadha waliendelea kuvuka.

Miongoni mwa waliovuka alikuwa Rebecca Cheptegei wa jeshi la Uganda, UPDF. Alinunua ardhi na kujenga nyumba Trans Nzoia, Kenya, apate kuwa karibu na mazoezi. Tarehe 11 Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Paris, akawa wa 44. Wiki tatu baadaye mwanamume aliyewahi kuishi naye alimmwagia petroli na kumchoma moto nyumbani kwake. Wazazi wake walisema ugomvi ulikuwa wa ardhi hiyo. Alifariki tarehe 5 Septemba katika hospitali ya Eldoret, akiwa na umri wa miaka 33. Hakuwa wa kwanza: mwaka 2021 Agnes Tirop wa Kenya aliuawa nyumbani kwake Iten, majuma machache tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee.

Askari wenzake walimzika Rebecca kwa heshima za kijeshi huko Bukwo, chini ya mlima uleule, tarehe 14 Septemba. Aliacha mabinti wawili.