Mrefu Unakunywa, Mfupi Unatema

Mwaka 1985 nilikuwa na miaka 18, nikijifunza umakenika katika gereji moja mjini Morogoro. Spea zilikuwa adimu. Hata mpira wa mafuta tulikata kwa shubiri, kipande kisipotee. Ndipo ilipoletwa Land Rover 109 ya zahanati, injini yake ya petroli imepasuka bloku. Fundi wetu mkuu, ambaye sote tulimwita Mzee, akaamua kuifungia injini ya dizeli iliyotoka kwenye Land Rover nyingine iliyopinduka.

Upande wa chuma kazi ilikuwa nyepesi. Injini zote mbili zilikuwa na ujazo wa cc 2,286, na giaboksi ilikubali bila ubishi. Tabu ilikuwa kwenye mafuta. Kabureta hunywa tu, laini moja kutoka tenkini inaitosha. Pampu ya nozeli huvuta mafuta mengi kuliko yanayochomwa, na nozeli zenyewe huvujisha kidogo. Ziada hiyo lazima irudi tenkini kwa laini ya pili, ritani, na tenki letu la petroli halikuwa na tundu la kuipokea.

Mzee alilishusha tenki, akaliosha kwa sabuni na maji ya moto, akaliacha wazi juani kutwa nzima, kisha akalijaza maji hadi karibu na mdomo kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea. Mvuke wa petroli uliobaki ndani ya tenki tupu hulipuka kama bomu. Sisi wanafunzi alitutoa nje ya uzio. Akachomelea mrija mfupi, unaozama kama inchi mbili, kando ya ule wa zamani unaokaribia sakafu ya tenki.

"Mrefu unakunywa, mfupi unatema," aliniambia. "Tia mafuta nusu tenki, upulize. Unaotoa mapovu ndio mrefu."

Akaenda msibani, akaniachia nifunge.

Tenki lilikuwa limeshapakwa rangi nyeusi, na mirija ilikuwa ya unene mmoja. Niliamini macho yangu, sikupuliza. Nikakaza klipu, nikajaza dizeli pomoni, nikatoa upepo kwa kikono cha pampu hadi mapovu yakakoma kwenye chujio. Injini ikawaka. Gereji nzima ilishangilia, nami nikashangilia nao.

Asubuhi nikapanda na dereva na muuguzi aliyebeba sanduku la chanjo, tukashika barabara ya Iringa. Katikati ya Hifadhi ya Mikumi gari likakohoa, likazima. Geji ilionyesha zaidi ya nusu. Nikatoa upepo, likaenda mita mia mbili, likazima tena. Ng'ambo ya barabara tembo walikuwa wakila majani. Muuguzi hakusema neno. Alivua kanga ya mabegani akafunika sanduku, jua lisiyeyushe barafu.

"Kijana, mmefunga nini humu?" dereva aliniuliza.

Mara ya tatu ndipo maneno ya Mzee yaliponirudia. Nikachomoa mipira yote miwili tenkini. Nikapuliza mrija niliouita ritani: mapovu yakagugumia chini kabisa. Nikapuliza ule niliouunganisha na pampu: kimya. Nilikuwa nimeipa injini mrija mfupi inywe nao. Tenki likiwa pomoni ulizama, injini ikashiba. Mafuta yaliposhuka inchi mbili, ikabaki kuvuta hewa. Nikabadilisha mipira, nikatoa upepo, tukaondoka. Chanjo zilifika zikiwa bado baridi.

Dereva nilimwambia chujio lilikuwa na uchafu. Uongo huo uliniuma kuliko kosa lenyewe, na niliporudi Morogoro nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee nikamweleza yote. Hakunifokea. Alinipa tupa, akanituma nikachore mistari mitatu kwenye kila mrija mrefu wa matenki yaliyokuwa gerejini.

Gari lile lilipoletwa kubadilishwa oili, nililala chini yake nikachora na mrija wake mrefu.